Kuhifadhi Barua na Miswada ya Waandishi katika Maktaba za Utafiti

1. Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi za Kiafrika, kitabu kilichochapwa huheshimiwa, na karatasi zilizokizaa husahauliwa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna barua na miswada ya waandishi inavyopaswa kuhifadhiwa katika makavazi ya maktaba ya utafiti. Hoja kuu ni kwamba kuihifadhi karatasi hakutoshi pasipo kuhifadhi historia yake: nani aliiandika, kwa ajili ya nani, wapi na lini, na ilikuwa pamoja na karatasi gani nyingine. Mara nyingi barua ndiyo ibebayo historia hiyo, na barua ndiyo hutupwa kwanza.

2. Ushahidi wa miswada ya Kiswahili

Mwaka 1854 mmishenari Ludwig Krapf alipeleka miswada ya tenzi za Kiswahili katika maktaba moja mjini Halle, Ujerumani, ukiwamo mswada wa Utenzi wa Tambuka. Baadaye C. G. Büttner alichapisha tungo zilizotokana na miswada hiyo. Laiti isingalitunzwa, kazi hiyo isingaliwezekana.

Mfano wa pili ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa yangali vinywani mwa watu wakati W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, alipoyakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya kifo cha Taylor, karatasi zake zilihifadhiwa katika chuo cha School of Oriental and African Studies, London, na kutokana nazo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Thamani ya karatasi hizo haimo katika mashairi peke yake. Imo pia katika maelezo yaliyoandikwa pembeni kuhusu maana za maneno na matukio yaliyoyazua mashairi. Shairi la ushindani lisilojulikana lilimjibu nani ni nusu ya shairi. Hata hivyo, mtafiti wa leo, ajapokuwa mzaliwa wa Mombasa, hulazimika kuzitafuta karatasi hizo ng'ambo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na mwandishi wa khati aliyenakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu, miongoni mwao Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Kijumwa aliandikiana barua na wateja wake, na baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa pamoja na miswada. Mtafiti akilinganisha nakala mbili za utenzi mmoja bila habari za namna hiyo, aweza kudhani amepata mapokeo mawili tofauti, kumbe mkono ni mmoja na wateja ndio wawili. Kosa hilo likiingia katika uhariri, huzaa nadharia nzima isiyo na msingi.

3. Barua za Shaaban Robert

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Barua alizomwandikia ndugu yake, Yusufu Ulenge, tangu mwaka 1931 hadi 1958 zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 2002, zikihaririwa na M. M. Mulokozi. Ni miaka arobaini kamili baada ya kifo cha mwandishi.

Fundisho lake kwa maktaba ni hili: barua hukaa kwa aliyeandikiwa, si kwa aliyeandika. Maktaba inayozuru nyumba ya mwandishi tu inapata nusu ya mazungumzo. Hapana budi kuwatafuta pia ndugu, walimu, wahariri na marafiki aliokuwa akiwaandikia.

4. Karatasi zilizo mbali na pwani

Haja hii si ya Kiswahili peke yake, wala si ya pwani tu. Ukambani nako kuna fasihi iliyoandikwa. John Mbiti alitoa Mũtũnga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954, na mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba ulichapishwa mwaka 1966. Nyuma ya kila kazi ya namna hiyo huwapo madaftari, nakala zilizokatwakatwa na barua za wahariri.

Tuchukue mji mdogo wa Kithyoko, Masinga, katika nyanda kavu za Machakos. Tuseme mwalimu mstaafu wa huko ameacha sanduku lenye tamthilia zisizochapwa, ngano alizozikusanya na barua za miaka mingi. Adui wa kwanza wa sanduku hilo ni mchwa, hasa likiwekwa sakafuni. Wa pili ni joto la chini ya mabati, ambalo huifanya karatasi hafifu igeuke rangi na kuvunjika. Wa tatu ni msiba wenyewe, kwani katika kugawana mali vitabu huchukuliwa na karatasi huwashiwa moto.

Mkutubi anayelifikia sanduku kama hilo afuate utaratibu huu:

(a) Asipange upya. Karatasi zipigwe picha na kuorodheshwa kama zilivyokutwa, kwa kuwa barua iliyofungwa pamoja na mswada fulani huenda ndiyo maelezo yake.

(b) Aandike maelezo ya jamaa papo hapo: nani alikuwa nani, na majina ya utani yalimhusu nani. Maelezo hayo yatolewe kwa lugha wanayoizungumza nyumbani.

(c) Karatasi zitengwe na mkusanyo mwingine mpaka zihakikishwe kuwa hazina wadudu. Pini na vibanio vya chuma viondolewe, maana hupata kutu. Utepe wa gundi usitumiwe kabisa.

(d) Ziwekwe katika majalada na makasha yasiyo na asidi, mahali pasipo jua wala unyevu. Ukungu huota unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 65.

(e) Nakala za picha zitumiwe na wasomaji ili asili ipumzike. Lakini nakala haichukui nafasi ya asili, kwani haionyeshi vema aina ya karatasi wala wino.

5. Suala la haki

Mwenye karatasi si lazima awe mwenye maneno. Aliyeandikiwa barua anaimiliki karatasi, bali hakimiliki ya maneno ni ya mwandishi na warithi wake. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Tena barua hutaja watu walio hai, deni na magomvi ya nyumbani. Kwa hiyo mkataba kati ya maktaba na jamaa ueleze bayana ni zipi zifunguliwe sasa na ni zipi zifungwe kwa muda.

6. Hitimisho

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Kenya ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, lakini haiwezi peke yake kuzifikia nyumba zote za waandishi. Idara za lugha ndizo zinazowajua waandishi hao, na wanafunzi wake ndio hurejea vijijini kila likizo. Yafaa kila idara iwe na orodha ya waandishi wa eneo lake na watu walioandikiana nao, na jamaa waachiwe nakala ya kila kilichochukuliwa. Krapf na Taylor walikusanya kwa kuwa walikuwapo na walitaka. Wanataaluma wa leo wapo, na sanduku la Kithyoko liko karibu nao kuliko lilivyo na London.