Ini, Sukari na Sahani ya Mfanyakazi

Ukipita Tandika au Mwananyamala alfajiri, utawakuta wafanyakazi wameizunguka meza ya mama lishe. Chai imetiwa vijiko vinne vya sukari, na kando yake zipo chapati mbili au maandazi matatu. Hatumcheki mtu anayekwenda kubeba mizigo kutwa nzima kwa kushiba namna hiyo. Hata hivyo yafaa tujiulize chakula hicho huenda wapi kikishamezwa.

Chapati, andazi na ugali wa sembe hugeuka sukari na kuingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, na kwa amri yake ini huweka akiba sehemu ya sukari hiyo ili liitoe usiku tulalapo. Ini ni ghala. Ghala likijaa, na sukari ikazidi kuletwa, ini huigeuza kuwa mafuta. Mafuta hayo yakirundikana ndani yake, ini huwa zito kuisikia insulini, likaendelea kumwaga sukari hata isipohitajika. Ndiyo sababu ini lenye mafuta na kisukari aghalabu hufuatana, hata kwa mtu asiyeonja pombe maishani mwake.

Wazee wetu watazikumbuka kampeni za Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Wakati ule hofu kubwa ilikuwa upungufu wa chakula. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba watu wapatao 9 katika kila 100, wa umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa na kisukari.

Tufanyeje basi? Wengi hushauri kuacha sembe na kula dona, nami naafiki, kwa kuwa makapi na kiini cha mahindi huichelewesha sukari kuingia katika damu. Lakini hapa pana jambo ambalo washauri wengi hulisahau. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, sumu inayoshambulia ini na kuleta saratani yake, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa katika ganda lile lile ambalo dona hulibakiza. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huko Dodoma na Manyara. Moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo, mama au baba unayepeleka mahindi mashineni, yamwage kwanza kwenye ungo, uyachambue, utupe yaliyovunjika, yaliyosinyaa na yaliyobadilika rangi. Usimpe kuku mabaki hayo. Karanga nazo zichambuliwe vivyo hivyo.

Baada ya hapo, punguza tonge na uzidishe mboga: matembele, mchicha, kisamvu, pamoja na kunde, choroko au dagaa. Vyote vinapatikana sokoni kwetu, na nusu yake hatuvithamini kwa sababu ni vya bei nafuu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vipatavyo 9. Ama gongo, hiyo haihitaji maelezo.

Sasa tuje kwenye chupa na vifuko vinavyouzwa vituo vya mabasi, vyenye kudai kusafisha ini na kufuta kisukari. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona. Dawa ya mti si lazima iwe uongo, lakini kuwa chungu si ushahidi kwamba inatibu. Mgonjwa anayemeza vidonge vya kisukari akiongeza juu yake dawa za kienyeji zenye kushusha sukari, aweza kutokwa na jasho, kutetemeka na hata kuzimia. Vidonge vya vitamini A vikizidi huliumiza ini lenyewe linalodaiwa kusaidiwa. Mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama unaona haya.

Lipo pia homa ya ini aina ya B, ambayo hakuna chakula kinachoizuia. Watoto wetu walianza kuchanjwa katika chanjo za kawaida mwaka 2002; wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, yaelekea hukuchanjwa utotoni. Omba kupimwa, kisha uulizie chanjo.

Na kipimo cha sukari? Nenda kituo cha afya asubuhi, tumbo likiwa tupu tangu usiku. Wakisoma 7 au zaidi watakuita tena siku nyingine kuhakikisha. Chai ya mama lishe utaikuta ukirudi. Mwombe tu akutilie kijiko kimoja.