Barua za Malkia Victoria na Mchumba Wake

Wasikilizaji wetu wa Mbulu na Hanang, jina la Victoria mmelijua tangu shuleni kwa ajili ya ziwa kubwa lililoko kaskazini-magharibi yetu. Jina la mumewe, Albert, lilipewa ziwa jingine, mpakani mwa Uganda na Kongo. Leo twapenda kuwaeleza habari za barua walizoandikiana kabla ya arusi yao, maana ndani yake mna swali zito: mwanamume akimwoa malkia, ni nani mwenye neno nyumbani?

Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka 1837. Albert, mtoto wa mjomba wake, alikuwa mwana wa mtawala wa Coburg katika nchi ya Wajerumani. Wote wawili walizaliwa mwaka 1819. Desturi haikumruhusu mtu kumposa malkia atawalaye, kwa hiyo Victoria mwenyewe ndiye aliyemposa Albert, tarehe 15 Oktoba, 1839, katika jumba la Windsor. Wazee wetu wangalishangaa kusikia posa ya namna hiyo! Mwezi uliofuata Albert alirudi kwao, na tangu hapo wakazungumza kwa barua.

Mapenzi yalikuwamo tele, lakini na shauri la kazi lilikuwamo. Albert alitaka kujichagulia watu wake wa kumtumikia, na hasa karani, kwa kuwa alikuwa akienda ugenini. Victoria alikataa, akamtaka amwachie yeye jambo hilo. Akapewa George Anson, aliyekuwa karani wa Waziri Mkuu, Lord Melbourne. Albert alichukizwa, maana aliogopa watu wasije wakamdhania kuwa mfuasi wa chama cha waziri huyo. Kwa maoni yetu, hofu yake ilikuwa ya haki.

Kisha aliomba wakae Windsor siku nyingi kidogo baada ya arusi. Victoria alimjibu tarehe 31 Januari, 1840, kwa maneno ya upendo lakini bila kulegea: alimkumbusha kwamba yeye ndiye mtawala, Bunge linakutana, na kazi za nchi hazingoji. Siku nne tu kabla ya hapo Bunge hilohilo lilikuwa limeipunguza posho ya Albert, kutoka pauni 50,000 zilizoombwa hadi 30,000.

Waliooana London tarehe 10 Februari, na siku ya 14 walikuwa wamekwisha kurudi mjini kutoka Windsor. Miaka ilipopita meza zao za kuandikia ziliwekwa sambamba, wakasoma karatasi za serikali pamoja. Na Anson, yule karani aliyekataliwa, akawa rafiki mpenzi wa Albert.