Kiini cha Oksijeni na Mambo Yasiyoonekana

Oksijeni tunayovuta imefanywa kwa atomu, na katikati ya kila atomu mna kiini. Mara nyingi kiini hicho kina protoni 8 na netroni 8. Hakuna jicho la mtu liwezalo kukiona. Basi, wenye elimu walijuaje habari zake?

Miaka ya 1950, huko Stanford, Marekani, Robert Hofstadter na wenzake walirusha elektroni zenye mbio kubwa kwenye viini, wakapima zilivyogeuka njia na nguvu zilizobaki nazo. Mwaka 1961 alipewa tuzo ya Nobel. Elektroni nyingine hugeuka tu bila kukiamsha kiini. Hizo zaonyesha ukubwa wake. Nyingine hupungukiwa na nguvu zaidi, kwa maana zimekiamsha. Wala kiini hakiamki kwa kipimo chochote. Kina vidato kama ngazi, na kati ya kidato na kidato hakuna pa kukanyaga. Kidato cha kwanza cha oksijeni ni elektroni-volti milioni 6.05, cha pili ni milioni 6.13.

Twaona basi kwamba kisichoonekana chaweza kujulikana kwa matendo yake. Lakini katekista asiseme mbele ya wanafunzi: «Mungu naye hujulikana vivyo hivyo.» Kiini ni kiumbe, chapimwa kwa mashini, Mungu hapimwi. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi (1, 20) kwamba viumbe vyatuongoza kwa Muumba. Njia hiyo ni ya akili iulizayo asili ya vyote, pamoja na ngazi ile ndogo ya oksijeni.