Namba ya tele ni ya nani?

Ndugu wafanyakazi, bamama wa nyumba, vijana wa kambi: wengi wanafikiri namba ya kituo cha televisheni ni kitu kidogo, mambo ya batoto wenye kushika telekomandi. Sisi wa sendika tunasema apana. Kama tele ya muji wetu inahamishwa namba bila kutangaza, si mupira na filamu peke yake njo inapotea. Inapotea tangazo la kilio. Inapotea habari ya udongo ulioanguka mu mugodi. Inapotea mazungumzo juu ya mushahara wetu.

Tuliyaona wenyewe. Wakati fulani delege wetu walialikwa ku kituo kimoja cha hapa, waelezee familia mapatano mapya ya kazi: matunzo ya hospitali, masomo ya batoto, saa za zamu. Siku tatu mbele, kompani moja yenye kuuza dekodere ilikuwa imebadilisha orodha yake. Kituo kile kilitoka pa namba yenye watu walizoea, kikatupwa mbali, nyuma ya vituo vya muziki na vya dini. Kesho yake, ku lango la mugodi, bamama walikuwa wanatuuliza: «Baba delege, mulisema mutapita mu tele, tulitafuta mpaka tukachoka. Mulikuwa wapi?» Tulikuwa pale pale. Namba njo haikuwa pale tena.

Ili tuelewane, turudie nyuma kidogo. Zamani, na antena ya kawaida juu ya nyumba, kila kituo kilikuwa na mawimbi yake peke yake. Wewe ulizungusha kitufe, ukapata picha, ukaipanga pa namba yenye wewe unataka. Kwa jirani RTNC ilikuwa pa 1, kwako pa 4, na hakuna mutu aliuliza kitu. Namba ilikuwa ya mwenye nyumba.

Mwaka wa 2006, inchi za Afrika, za Ulaya na zingine zilikutana ku Genève zikapatana kuacha njia ile ya zamani na kuingia mu numeriki. Kwa mawimbi ya UHF tarehe iliwekwa: 17 Juni 2015. Sababu yake inaeleweka. Pa fasi ya mawimbi yenye kubeba kituo kimoja, numeriki inaweza kubeba kumi na zaidi, kwa kuvibana pamoja sawa vile magunia mu kamyo moja. Lakini kama vituo viko pamoja mu kamyo, namba ya mawimbi haiwezi tena kuvitenganisha. Inahitajika namba ingine, yenye kuandikwa ndani ya ile habari inatumwa pamoja na picha. Dekodere inaisoma, inapanga vituo yenyewe. Namba ile haitoke tena kwako. Inatoka kwa mwenye kupanga orodha.

Wengine walipita njia hii mbele yetu, na tunaweza kujifunza kwao.

Ku Marekani vituo vingi vinajulikana kwa namba kuliko kwa jina. Namba iko mu alama yao, iko mu gari zao, iko mu wimbo wa habari. Wakati vituo vikubwa vilizima mawimbi ya zamani, tarehe 12 Juni 2009, wangepoteza ile yote kama namba ingefwata mawimbi. Kwa hiyo walitenganisha hizi mbili. Ku Chicago, kituo WLS kinajulikana kama 7. Mwaka ule wa 2009 watu wengi walilalamika kama hawakipate muzuri na antena za ndani ya nyumba, kikahamia mawimbi ya UHF, mbali na 7. Lakini ku kioo cha mutazamaji, mpaka leo, kinaonekana pa 7. Mawimbi yalihama, mulango wa nyumba ulibakia pale pale.

Ku Ufaransa mambo ilienda ingine. Televisheni ya numeriki ilianza kule tarehe 31 Machi 2005, na ya zamani ikazimwa kabisa mu Novemba 2011. Vituo vya zamani vilichunga namba zao: TF1 pa 1, France 2 pa 2, M6 pa 6. Vituo vipya vingine vilivaa namba sawa vile nguo: C8 pa 8, NRJ 12 pa 12. Kisha Arcom, chombo chenye kusimamia mawimbi, haikuendelesha ruhusa ya hivi viwili, vikazimika ku mwisho wa Februari 2025. Tarehe 6 Juni 2025 orodha ikapangwa upya: France 4 ikatoka pa 14 ikaenda pa 4, tele ya bunge ikakaa pa 8, na vituo vine vya habari vikawekwa pamoja, toka 13 mpaka 16. Muone vizuri: mabadiliko makubwa, lakini yalitangazwa mbele, siku ilijulikana, na muamuzi alijulikana. Mwenye kukasirika alijua mulango gani wa kugonga.

Karibu na sisi, Tanzania ilianza kuzima mawimbi ya zamani ku Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kule kuko kituo kinaitwa Channel Ten, ni kusema ya kumi. Jina lilibakia hata kama dekodere inaweza kukiweka fasi ingine. Ku Kenya ugomvi ulikuwa mukali. Mu Februari 2015, Citizen, KTN, NTV na QTV zilizimika karibu wiki tatu. Wenye vituo walikuwa wanataka kuchunga njia yao wenyewe ya kutuma picha, na hawakutaka kompani za dekodere ziwabebe bila ruhusa. Familia zikabakia na kioo cheusi wakati wakubwa wanabishana.

Na kwetu? Sisi hatukuzoea kuita tele kwa namba. Vituo vyetu vina majina, na ku Lubumbashi ni majina ya Kiswahili yenye hata mutoto anaelewa: Nyota, Mapendo, Djua. Ile ya serkali ilikuwa OZRT, mwaka wa 1997 ikakuwa RTNC, na watu wakafwata bila shida sababu ilibakia pale walikuwa wanaikuta. Jina njo nguvu yetu. Lakini jina haliko ku telekomandi. Ku telekomandi kuko namba peke yake, na mutu mwenye kutoka zamu ya usiku hana nguvu ya kupitisha vituo mia mbili mpaka afike kwenye habari za muji wake.

Tena kuko abonema. Franga zikiisha mbele ya siku ya mushahara, dekodere zingine zinafunga kila kitu, hata kituo cha muji chenye zamani tulikipata bure na kipande cha waya. Ile si maendeleo kwa mufanyakazi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Katiba yetu, kifungu cha 212, iliweka CSAC. Mambo haya yapelekwe kule, na wenye kugawa mawimbi wakae nao ku meza moja. Ya kwanza: RTNC na vituo vya kila jimbo vipewe namba za mbele, zenye kufanana ku dekodere zote. Ya pili: namba isibadilishwe bila kutangaza mbele, mu Kiswahili, ku kioo chenyewe, mwezi muzima. Ya tatu: vituo vile vibakie wazi hata kama abonema imeisha.

Wakati tunangoja, tusaidiane. Kama kituo kimepotea, musikimbie kulipa fundi. Mufungue menyu ya dekodere, mutafute upya vituo vyote, kisha muweke vya hapa mu orodha ya vile munapenda. Na delege wa kila kambi aandike ku karatasi: dekodere gani, kituo gani, namba gani leo. Alete karatasi ile ku biro ya sendika. Siku tutaenda kugonga mulango wa wakubwa, hatutaenda na malalamiko ya mudomo tu. Tutaenda na namba.