Paa la Gari Likiliwa na Kutu

Dalili ya kwanza ni kipele. Hutokea juu ya kioo cha mbele, au pembeni mwa paa, kwenye kijifereji kinachopitisha maji ya mvua. Rangi imevimba kiasi cha punje ya mtama. Mwenye gari hukipapasa kwa kidole, akajiambia ni kazi ya msasa na kopo la rangi. Fundi wa bodi yeye huchukua bisibisi, akaikandamiza ncha yake pale palipovimba. Mara nyingi bisibisi huzama mpaka ikagusa kitambaa cha dari.

Paa la gari dogo la chuma ni bati jembamba, ambalo kwa kawaida unene wake haufiki hata milimita 1. Limelazwa juu ya fremu ya ndani na kushikizwa kiwandani kwa nukta za kuchomelea, zilizopangwa kila baada ya sentimita chache. Baina ya nukta na nukta hubaki mwanya, ambao huzibwa kwa utomvu maalumu. Utomvu ukizeeka hupasuka, na maji hupata njia. Juu jua hukausha, chini unyevu hubaki. Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huvimba, huachanisha mabati na kuinua rangi. Kipele kinapoonekana nje, ndani pameshaliwa siku nyingi.

Mombasa, Tanga na Unguja mambo huenda kasi zaidi. Chumvi ya hewa ya bahari huvuta unyevu, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Kutu hupenda hivyo. Keria inayokwaruza rangi nayo huchangia, sawa na tundu la antena lililolegea mpira. Magari yenye kidirisha cha paani yana mirija inayoteremsha maji kupitia kwenye nguzo za bodi. Vumbi na majani vikiiziba, maji hutuama juu ya vichwa vya abiria. Wenye Peugeot 504 za zamani, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, wanalijua tatizo hilo.

Paa likishaliwa hivyo hubadilishwa, ila si kila paa linadai moto wa kuchomelea. Land Rover, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilipewa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Paa lake limefungwa kwa bolti: spana, mafuta ya kulegeza na watu wachache wa kulinyanyua vinatosha. Hata hivyo, pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakiingia kati, aluminiamu ndiyo inayoliwa na kuacha unga mweupe.

Kwa gari la saluni la kawaida, kazi ya kubadilisha paa huanza kwa kuvua. Betri hutenganishwa; vioo vya mbele na nyuma, viti, kitambaa cha dari na nyaya zilizo karibu vyote hutoka, maana cheche moja yatosha kuwasha sponji. Kisha fundi huvuta kamba au futi ya chuma kutoka pembe hadi pembe ya uwazi wa kila kioo na mlango, akaandika vipimo. Bodi ikikaa vibaya wakati paa halipo, kioo kipya hakitaingia, au kitaingia kisha kipasuke.

Baada ya hapo hutafutwa nukta za kiwandani, moja baada ya nyingine. Kila moja hutobolewa bati la juu tu, la chini libaki zima. Ni kazi ya subira, na ndipo wengi wanapokata kona kwa grinda na kujeruhi fremu. Paa jipya, mara nyingi lililotolewa kwenye gari la aina ileile lililokufa injini lakini lililo zima juu, hujaribiwa mahali pake likiwa limebanwa kwa vibano, milango ikifungwa na kufunguliwa, kabla ya tone lolote la moto. Kuchomelea hufanyika kwa kurukaruka, nukta huku na nukta kule, kwa sababu joto likikaa mahali pamoja bati hujikunja mawimbi ambayo puti haiwezi kuyaficha kwa muda mrefu.

Haya si mambo ya urembo. Paa hushirikiana na nguzo kumkinga aliye ndani gari linapopinduka. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1973 ilitaka paa la gari dogo listahimili mgandamizo wa mara 1.5 ya uzito wa gari. Kanuni mpya ya mwaka 2009 ikapandisha hadi mara 3. Bati lililopachikwa kwa ribiti juu ya kutu, kisha likapakwa puti, halina nguvu ya namna hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua gari kuukuu, pitisha sumaku pembezoni mwa paa. Isiponata kwenye gari la chuma, chini yake kuna puti. Kutu ikiwa imeshafika kwenye nguzo zenyewe, acha. Na ukimpa fundi kazi hiyo, mwombe akuite siku fremu ikiwa wazi, imesafishwa na kupakwa praima yenye zinki, kabla paa jipya halijaifunika.