Wanasheria na Haki za Wanawake (2): Jaji Joyce Aluoch, Kutoka Kesi za Nyumbani hadi The Hague

Ukija Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Ngome, kabla hujaishika Ndia Kuu, unapita jirani na jengo la Mahakama ya Zamani lililojengwa mwaka 1902. Siku hizi limo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, na wanaoingia huenda kutazama maonyesho. Lakini mashauri ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wa Ndia Kuu, Kibokoni na Kuze bado husikilizwa na kadhi, ambaye mamlaka yake yametajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010.

Wapo wanaoamini kwamba mbele ya kadhi mwanamke huwa ameshashindwa hata kabla hajafungua kinywa. Mtafiti Mmarekani Susan Hirsch alifuatilia kesi za makadhi Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, na aliyoyakuta si hayo. Waliofungua mashauri wengi wao walikuwa wanawake, na aghalabu walishinda. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji husikiliza akiwa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri wake.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilihusu vyama vya kina mama wa Mombasa, namna walivyotoka katika ngoma za lelemama wakaingia katika kudai elimu na kura. Leo tunamfuata Mkenya mmoja ambaye umahiri wake ulijengwa katika mashauri ya nyumbani kama hayo ya ndoa na mirathi, akaufikisha mbali.

Joyce Aluoch alizaliwa mwaka 1947 na kusomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu kwa zaidi ya miaka 20, akaongoza Kitengo cha Familia cha mahakama hiyo jijini Nairobi, kisha akapanda Mahakama ya Rufaa. Katika ngazi za heshima za uanasheria, kesi za familia huwa hazipigiwi tarumbeta. Magazeti hukimbilia kesi za siasa na za mabenki.

Hebu tulifungue faili la mirathi tuone kilichomo. Kuna cheti cha kifo, hati ya shamba, risiti za karo, na barua ya chifu inayotaja warithi. Barua hiyo ndiyo aghalabu huzua balaa. Mjane huja mahakamani akakuta jina lake halimo, au limo la mke mwengine asiyemjua, au mabinti wameachwa kwa kuwa "wataolewa". Jaji hana budi kuuliza mambo ambayo watu hawayasemi hadharani: nani alilala wapi, mahari ilitolewa kwa nani, mtoto huyu ni wa nani. Akiuliza kwa pupa, shahidi hufunga mdomo. Akinyamaza kupita kiasi, mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo penye uti wa mgongo wa kazi ya Aluoch. Mengi yaliyofuata yalihitaji sikio la namna hiyo.

Mwaka 2001 Umoja wa Afrika wa wakati ule, yaani OAU, ulichagua kamati ya kwanza ya wataalamu wa kusimamia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na Aluoch akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mkataba huo, uliopitishwa mwaka 1990, unakataza katika kifungu cha 21 ndoa ya aliye chini ya miaka 18. Kuanzia 2003 hadi 2009 aliketi pia katika Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa kule Geneva. Kazi ya kamati kama hizi haina mbwembwe. Serikali huleta ripoti, mashirika ya raia huleta ya kwao, na wajumbe huhoji maafisa: sheria hii mliyoitaja ilianza lini, na msichana wa kijijini anaifikiaje?

Nyumbani nako mambo yalikuwa yakisogea. Mbunge mteule Njoki Ndung'u, mwanasheria ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliwasilisha mswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Kabla yake, ubakaji ulikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu, katika fungu la makosa dhidi ya maadili, kana kwamba aliyeumizwa ni adabu ya jamii na si mtu mwenye mwili na jina. Jopokazi la kuitekeleza sheria hiyo liliongozwa na Aluoch.

Mwezi Machi 2009 aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, mjini The Hague. Kesi iliyobeba uzito mkubwa mezani pake ni ya Jean-Pierre Bemba, mwanasiasa wa Kongo. Wapiganaji wake walivuka kuingia Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002, wakaua, wakabaka na kupora hadi Machi 2003. Kesi ilianza Novemba 2010 mbele ya majaji watatu, wote wanawake: Sylvia Steiner wa Brazili, Aluoch, na Kuniko Ozaki wa Japani.

Shahidi anayelindwa katika mahakama hiyo haitwi kwa jina bali kwa namba. Kwenye skrini za umma uso wake hufifizwa na sauti yake hubadilishwa. Kesi hii ilisikilizwa kwa Kisango, Kifaransa na Kiingereza, hivyo baina ya swali na jibu kulikuwa na kimya cha wakalimani, na mtu alisimulia alivyobakwa huku akikatizwa na kimya hicho. Walioeleza hayo hawakuwa wanawake peke yao. Hukumu iliwatambua wanaume pia kuwa waliobakwa. Wahanga 5,229 walikubaliwa kushiriki kupitia mawakili wao.

Tarehe 21 Machi 2016 majaji hao kwa kauli moja walimtia Bemba hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ICC kumhukumu kamanda kwa makosa ya askari wake, na mara ya kwanza mtu kutiwa hatiani huko kwa ubakaji. Alipewa miaka 18. Njia ilikuwa imefunguliwa karibu nasi: mjini Arusha, Septemba 1998, mahakama ya kimataifa ya Rwanda, akiwemo Jaji Navi Pillay wa Durban, ilitamka katika kesi ya mshtakiwa Akayesu kwamba ubakaji waweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari.

Tarehe 8 Juni 2018 majaji watatu kati ya watano wa rufaa waliifuta hukumu ya Bemba. Walisema baadhi ya vitendo havikuwamo katika mashtaka, na kwamba hatua alizoweza kuzichukua akiwa mbali na askari wake hazikupimwa sawasawa. Mshtakiwa ana haki ya rufaa, na haki hiyo ni ya kulindwa. Lakini hukumu ilipoanguka, fidia ya mahakama nayo ilianguka, na wahanga wakaachiwa misaada ya Mfuko wa Wahanga. Hilo linauma, na halifai kupambwa.

Aluoch, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa ICC tangu 2015, alimaliza muhula wake mwaka huohuo wa 2018.

Sehemu ya tatu itakwenda Shinyanga, kwa wajane wawili mafundi cherehani waliofukuzwa nyumbani na wakwe. Mawakili wao walipokwama katika mahakama za Tanzania walilipeleka shauri Geneva, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa.