Bahari Ikifurika: Jinsi ya Kuwaandaa Watoto na Familia Kuondoka Mapema

Mafuriko ya pwani hayaletwi na mvua peke yake. Upepo mkali husukuma bahari kuelekea nchi kavu. Kama ni wakati wa bamvu, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupanda zaidi. Mto uliojaa nao hukosa pa kumwaga maji yake, hivyo maji hurudi kwenye makazi.

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Kwa hiyo usisubiri maji yafike mlangoni ndipo uondoke. Njia ya kuondokea inaweza kufungwa kabla nyumba yako haijaguswa.

Amueni mapema nani atatoa uamuzi

Katika kimbunga cha mwaka 1991 nchini Bangladesh, watu zaidi ya 130,000 walifariki, na wanawake na watoto walikuwa wengi zaidi. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba baadhi ya akina mama walibaki nyumbani wakisubiri waume zao.

Huku kwetu pia baba anaweza kuwa baharini akivua au safarini. Zungumzeni leo, kukiwa shwari, mkubaliane kwamba mtu mzima aliye na watoto anaweza kuondoka nao bila kusubiri ruhusa ya simu. Kubalianeni pia mtakutana wapi: shuleni, msikitini, kanisani au kwa ndugu anayeishi mahali palipoinuka.

Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa redio au simu. Huzitoa kwa ngazi tatu: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Ukisikia Angalizo, andaa vitu. Ngazi ikipanda, au viongozi wa mtaa au kijiji wakiwataka muondoke, ondokeni kungali mchana.

Nani aondoke kwanza?

• Mjamzito aliyekaribia kujifungua. Ahamie mapema karibu na kituo cha afya.
• Mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga.
• Wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu.

Vitu vya kubeba

Tumia ndoo yenye mfuniko. Itakinga vitu visilowe, na mkifika mtaitumia kuhifadhia maji safi.

• Kadi ya kliniki ya mtoto na ya mjamzito, vyeti vya kuzaliwa na kadi ya bima.
• Dawa za kila siku: za presha, kisukari, kifafa, pumu au ARV. Usiache hata dozi moja.
• Pakiti za ORS, vidonge vya zinki na dawa ya kutibu maji.
• Maji ya kunywa na chakula kisichohitaji kupikwa.
• Chandarua, khanga, nguo kavu za mtoto, sabuni na taulo za kike.
• Simu yenye chaji, tochi na fedha kidogo.

Andika jina la mtoto na namba ya simu ya mzazi kwenye kitambaa, kisha ukishone ndani ya nguo yake.

Wakati wa kuondoka

Zima umeme kwenye swichi kuu, lakini usiiguse kama umesimama kwenye maji. Funga mtungi wa gesi. Mbebe mtoto mdogo kwa khanga ili mikono yako iwe huru, na mkubwa mshike mkono.

Msivuke maji yanayokwenda kasi. Maji ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mkizingirwa, pandeni mahali pa juu na mpige 114, Zimamoto na Uokoaji.

Mkifika mahali salama

Endelea kumnyonyesha mtoto. Hofu na uchovu vinaweza kuchelewesha maziwa kutoka, lakini havikaushi maziwa. Mtoto anaponyonya mara kwa mara, maziwa huja. Chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee yanamtosha. Maziwa ya kopo yakichanganywa na maji machafu humletea kuhara.

Maji ya mafuriko huchanganyika na uchafu wa vyoo, hivyo watoto wasiyachezee. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa, au yatibu kwa dawa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kumsafisha.

Mtoto akiharisha, mpe ORS na aendelee kunyonya. Kama huna pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe kidogo kidogo.

Mpeleke kwa mhudumu wa afya mara moja akiwa na dalili hizi:

• Anaharisha maji mengi au kuna damu kwenye choo.
• Macho yameingia ndani, au amelegea.
• Hawezi kunyonya au anatapika kila kitu.
• Ana homa, degedege au anapumua kwa shida.

Homa isichukuliwe kuwa ni uchovu wa safari. Apimwe malaria ndani ya saa 24.

Mama, vyombo na godoro vinaweza kutafutwa tena. Leo kabla ya kulala, weka kadi za kliniki na dawa mahali pamoja, kisha mwonyeshe kila mtu mzima nyumbani zilipo.